Fanesi mpya nyumbani: kabla ya bei, soma kazi

Dada yangu mmoja wa ukoo anaishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis. Septemba moja alinitandikia karatasi tatu mezani, kila moja ikiwa na bei ya kumwekea fanesi mpya, yaani mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto. Nyumba ile ile, besimenti (chumba cha chini ya nyumba) ile ile, fanesi ya kung'olewa ile ile. Karatasi ya kwanza ilisema dola 5,200. Ya pili 7,900. Ya tatu 12,400. Akaniuliza, "Kaka, hapa nani ananiibia?"

Nilimwambia bado siwezi kujua, maana alikuwa akinionyesha namba na mimi nilikuwa sijaona kazi. Sisi tuliokulia kwenye Kariakoo na Gikomba tunajua kupatana: muuzaji anataja, wewe unashusha, mnakutana katikati. Lakini pale sokoni kitu umekishika mkononi, unakipima kwa macho. Fanesi hainunuliwi hivyo. Wakandarasi watatu walikuwa wameandika kazi tatu tofauti kwa jina moja, na ukimbana bei yule aliyeandika kazi pungufu, atakachopunguza ni kazi yenyewe.

Kwa hiyo tulishuka besimenti kwanza.

Kinachoendelea kule chini

Wengi wetu tulifika Minnesota, Ohio au Ontario bila kuwahi kuishi kwenye nyumba inayopashwa joto. Fanesi ya gesi si mashine ya ajabu. Gesi inawaka ndani ya vyumba vya chuma vilivyofungwa, ambavyo mafundi huviita kibadilisha joto. Moshi unabaki ndani ya vyumba hivyo na kutolewa nje ya nyumba. Feni kubwa inavuta hewa ya nyumbani, inaipitisha nje ya vyuma hivyo vya moto, kisha inaisukuma kwenye mifereji ya bati hadi vyumbani. Hewa unayoivuta na moshi wa gesi havikutani hata kidogo. Vikikutana, kuna hatari, na nitairudia.

Kuna aina mbili zinazouzwa kwa wingi, na tofauti yake ndiyo inayozaa nusu ya mkanganyiko wa bei. Ya kwanza ni ya asilimia 80: katika kila dola ya gesi, senti 80 zinageuka joto la nyumba, senti 20 zinapaa na moshi. Moshi wake ni wa moto, unapanda wenyewe kwenye dohani. Ya pili ni ya asilimia 95 na zaidi. Hii inaunyonya moshi joto mpaka mvuke uliomo unageuka maji. Moshi umepoa, hauwezi kupanda dohani, kwa hiyo unasukumwa nje kwa bomba jeupe la plastiki linalotoboa ukuta, na yale maji yanahitaji mahali pa kumwagikia. Marekani kiwango cha chini cha kisheria kwa fanesi za kawaida za gesi kimekuwa asilimia 80. Kanada ilipandisha kiwango hicho hadi 95 mwezi wa Julai 2019, kwa hiyo aliye Toronto au Winnipeg hana haja ya kuumiza kichwa juu ya ile ya kwanza.

Fanesi ya dada ilikuwa ya 1999, ya asilimia 80. Karatasi zote tatu zilikuwa zinamhamisha kwenda asilimia 96. Uhamisho huo una kazi ndani yake: kutoboa ukuta, kupitisha mabomba mapya, kutafuta njia ya maji. Halafu kuna jambo moja ambalo mwenye nyumba haambiwi, nami naomba ulisome kwa utulivu.

Pembeni ya fanesi ile kulikuwa na tangi la kuchemshia maji, nalo ni la gesi. Kwa miaka yote moshi wake ulikuwa unapanda dohani moja na moshi wa fanesi. Fanesi ndiyo iliyokuwa ikiipasha dohani joto. Ukiiondoa fanesi kwenye dohani, tangi linabaki peke yake kwenye bomba kubwa lenye baridi. Moshi wake mdogo unapoa kabla ya kufika juu, mvuke unageuka maji yanayokula saruji ya dohani, na siku mbaya moshi unarudi chini, besimenti, mahali ambapo huenda watoto wanalala. Dawa yake ni kupitisha bomba jembamba la alumini ndani ya dohani ile, ili tangi lipate njia inayolifaa. Kazi hiyo inaweza kugharimu mamia ya dola, au hata kupita elfu moja.

Karatasi ya 5,200 haikuwa na neno hata moja kuhusu dohani. Ya 7,900 ilikuwa imeandika bomba la dohani, kibali cha jiji, bomba la kumwaga maji, kiunganishi kipya cha bati kati ya fanesi na mfereji, na kuondoa mashine kuukuu. Dada alimpigia simu yule wa kwanza, akamwomba aandike upya akiweka dohani na kibali. Karatasi ilirudi ikisema 6,850. Kwa hiyo tofauti iliyoonekana kuwa 2,700 ilikuwa kweli ni 1,050. Ndiyo maana nilisema hatukuwa na jibu pale mezani.

Boksi ni sehemu ndogo

Ukitafuta mtandaoni utaona fanesi ya asilimia 96 ya kiwango cha kawaida ikiuzwa dola 1,500 hadi 2,500. Watu wengi wakiiona bei hiyo hukasirika: mbona nadaiwa elfu saba? Naielewa hasira hiyo, lakini si ya haki kwa fundi. Mafundi wawili watatumia siku nzima nyumbani kwako. Kuna gari, bima, leseni, kibali, bati, mabomba, na mtu wa ofisini anayepokea simu yako saa mbili usiku. Tena kampuni inabeba dhima ya kurudi bure kazi ikiharibika ndani ya muda wa waranti. Kwa miaka hii, kubadilisha fanesi ya gesi kwenye nyumba ya kawaida ya familia moja mara nyingi huangukia kati ya dola 4,500 na 9,000, kutegemea mji na kazi iliyomo. Ukiona bei iliyo juu ya hapo, uliza kilichoipandisha. Ukiona iliyo chini sana ya hapo, uliza kilichoachwa.

Kuhusu chapa, usipoteze usiku. Carrier na Bryant zinatoka kampuni moja. Trane na American Standard vilevile. Goodman na Amana ziko chini ya Daikin. Rheem na Ruud ni ndugu. Mtu anayekudai dola elfu mbili zaidi kwa ajili ya jina lililo mlangoni mwa mashine anakuuzia kibandiko. Fanesi nzuri iliyofungwa vibaya itakufa mapema, na ya kawaida iliyofungwa kwa umakini itakulea miaka 15 hadi 20.

Ukubwa: hesabu ya dakika

Hapa ndipo karatasi ya 12,400 ilipoanguka, na hapa ndipo nataka kukaa zaidi.

Nguvu ya fanesi hupimwa kwa BTU, kipimo cha joto, kwa saa, na namba yake iko kwenye kibandiko ndani ya mlango wa mashine. Ya dada ilisema 100,000. Hiyo ni gesi inayoingia. Ukizidisha kwa asilimia 80, joto linalofika nyumbani ni 80,000. Karatasi ya tatu ilipendekeza fanesi nyingine ya 100,000, "sawa na uliyonayo". Lakini kwa asilimia 96 hiyo inatoa joto la 96,000. Si sawa hata kidogo, ni kubwa zaidi. Na ile ya zamani yenyewe, nani alisema ilikuwa saizi yake? Nyumba nyingi za zamani zilifungiwa mashine kubwa kupita kiasi, kwa sababu fundi halaumiwi kwa joto kuzidi. Analaumiwa kwa baridi tu.

Njia rasmi ya kupima inaitwa Manual J, utaratibu wa ACCA, chama cha wakandarasi wa viyoyozi cha Marekani. Unahesabu kuta, madirisha, dari, upepo unaopenya, na baridi kali ya mji wako, kisha unapata joto ambalo nyumba inapoteza kwa saa. Mkandarasi anayeuliza juu ya madirisha na kupanda darini kuangalia sufi ya kuzuia joto anafanya kazi hiyo. Anayesimama ngazini, akachungulia kibandiko na kuandika namba ile ile, hafanyi.

Lakini iko njia ambayo hata wewe unaweza kuifanya ukiwa na saa ya ukutani, na ndiyo tuliyoitumia. Majira ya baridi kabla ya Septemba ile, usiku mmoja wa nyuzi 10 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani karibu 23 chini ya sifuri kwa Selsiasi, nilimwomba dada asiguse thamostati, kile kidhibiti cha joto cha ukutani, jioni yote. Kuanzia saa nne usiku hadi saa tano alikaa kwenye kiti cha plastiki besimenti, amejifunga kitenge juu ya koti, daftari magotini. Kila moto ulipowaka aliandika saa, kila ulipozima aliandika saa. Jumla ya dakika ambazo moto uliwaka katika saa ile nzima: 27.

Sasa hesabu. Mashine inatoa 80,000 ikiwaka saa nzima. Iliwaka dakika 27 kati ya 60. Zidisha 80,000 kwa 27, gawa kwa 60, unapata 36,000. Usiku ule wa baridi kali, nyumba yake ilihitaji 36,000 tu. Fanesi ya 60,000 yenye asilimia 96 inatoa 57,600, inatosha na ziada ya kutosha kwa usiku mbaya kuliko ule. Ile ya 100,000 ingekuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya hitaji.

Kubwa si baraka. Fanesi iliyozidi inawaka kwa kishindo, inafikisha joto sebuleni haraka, inazima kabla chumba cha mbali hakijapata kitu. Inawaka na kuzima mara nyingi, na ni kule kuwaka na kuzima kunakochosha vyuma. Tena mifereji ya bati ya nyumba ndogo haiwezi kupitisha hewa yote inayotakiwa kuipoza, kwa hiyo inajichemsha ndani, swichi ya usalama inaikata, na wewe unamwita fundi. Unakuwa umelipa zaidi ili upate taabu zaidi.

Je, asilimia 96 inajilipa? Fanya hesabu na bili yako, si na ya tangazo. Ukitoka 80 kwenda 96, gesi ya kupasha joto inapungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Kama majira yote ya baridi unatumia dola 900 kwa joto peke yake, unaokoa kama 150 kwa mwaka. Minnesota hiyo ina maana. Kwa anayeishi mahali pa baridi ya wiki sita, uhamisho wa mabomba na dohani unaweza kuchukua miaka mingi mno kurudi.

Karatasi iliyoandikwa usiku wa baridi

Ile ya 12,400 haikuandikwa Septemba. Iliandikwa Januari, saa tatu usiku, fanesi imezima, watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba. Fundi wa kampuni moja alifika, akafungua mlango wa mashine, akakaa dakika kumi, akasema kibadilisha joto kimepasuka, nyumba si salama, gesi lazima ifungwe, lakini mashine mpya inaweza kuja kesho asubuhi kama atasaini sasa. Dada akamwambia, "Naomba unionyeshe hapo palipopasuka." Akajibiwa kwamba hapaonekani bila kufungua mashine yote.

Hatari anayoitaja fundi wa namna hiyo ni ya kweli, na sitaki mtu aidharau. Chuma kikipasuka, moshi unaweza kuchanganyika na hewa ya vyumbani, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, ile ile inayowaua kwetu watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu. Weka king'ora chake karibu na vyumba vya kulala leo, kabla ya mambo mengine yote. Lakini kwa kuwa hatari ni kubwa, ushahidi wake lazima uonekane: picha ya ufa kwenye mashine yako wewe, kamera ndogo inayoingizwa ndani, kipimo cha gesi hiyo kwenye hewa. Na ufa ukithibitishwa, soma namba ya mashine kwanza. Kampuni nyingi zinatoa waranti ya miaka 20 au zaidi kwa kipande hicho, hivyo kipande kinaweza kuja bure, ukalipia kazi tu.

Dada hakusaini. Kaka mmoja wa Kisii anayefanya kazi hii pale Brooklyn Park alikuja saa nne na nusu. Aliingiza kamera, akamwonyesha vyumba vyote vinne kwenye simu, vizima. Kisha akachomoa kijiti chembamba cha chuma chenye urefu wa kidole, kile kinachoiambia mashine kwamba moto umewaka. Kilikuwa na utando mweupe. Akakisugua kwa sufi ya chuma, akakirudisha, fanesi ikawaka. "Dada, hii ni ya zamani, miaka yake imekwisha," akamwambia. "Lakini haifi leo. Una muda mpaka kiangazi." Alilipwa dola 150.

Muda ule ndio uliomwokolea pesa. Anayenunua fanesi Januari ananunua akiwa na baridi mwilini, na kila mkandarasi mjini amejaa kazi. Kati ya Aprili na Oktoba wewe ndiye mwenye nafasi ya kusubiri. Ujue pia kwamba kwenye kampuni nyingi anayekuja kukagua analipwa kamisheni kwa anachouza, hata kama shati lake limeandikwa fundi.

Karatasi ile ilikuwa na mkopo pia: asilimia sifuri kwa miezi 60. Riba ya sifuri haimaanishi mkopo ni wa bure. Mara nyingi kampuni ya mikopo humkata mkandarasi sehemu ya pesa ili akupe masharti hayo, naye anaiingiza kwenye bei. Uliza swali moja: nikilipa taslimu, ni ngapi? Dada alipouliza, dola 1,300 ziliondoka hapo hapo kwenye simu.

Na kama umeshasaini nyumbani kwako ukiwa umebanwa, sheria inakupa pumzi. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, FTC, inampa mnunuzi haki ya kuvunja mauzo yaliyofanyika nyumbani kwake hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi, na Jumamosi inahesabiwa. Muuzaji anatakiwa kukuachia fomu mbili za kuvunja mkataba, na mkataba uwe kwa lugha ile ile aliyotumia kukuuzia. Haki hiyo inapotea kama wewe mwenyewe ulimwita kwa dharura na ukaandika kwa mkono wako kwamba unaiacha. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kuandika hivyo, soma mara mbili.

Jambo jingine linalozunguka bado: "serikali itakurudishia pesa kwenye kodi." Nafuu ile ya shirikisho, iliyofika dola 600 kwa fanesi za gesi zenye asilimia 97 au zaidi, ilikoma kwa mashine zilizofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Kampuni yako ya gesi inaweza kuwa na marejesho yake, hayo waulize wenyewe moja kwa moja. Kwa familia za kipato kidogo kuna msaada wa kweli: mpango wa shirikisho wa kusaidia gharama za joto nyumbani, LIHEAP, ambao Minnesota unaweza kugharimia ukarabati wa fanesi au hata kuibadilisha kwa mwenye nyumba anayestahili, na mpango wa kuzibia nyumba dhidi ya baridi ulioanza 1976. Wengi wetu tunaona haya kuomba, ilhali fomu ziko wazi kwa wapangaji na wenye nyumba wa kila namna.

Siku ya kufunga

Mwishoni dada alichagua karatasi ya pili, baada ya kuwaonyesha daftari lake la dakika. Mkandarasi alikubali kushuka kutoka 80,000 aliyokuwa ameandika hadi 60,000, akaondoa mpango wa huduma wa kila mwaka ambao haukuombwa, bei ikawa 7,150. Yule wa 6,850 alikuwa nafuu kwa dola 300, lakini hakupima msukumo wa hewa kwenye mifereji, na waranti yake ya kazi ilikuwa mwaka mmoja dhidi ya miwili. Mimi pia ningemlipa huyu wa pili.

Alitoa theluthi moja mwanzo. Kibali kilikatwa na kampuni, kwa jina la kampuni. Mkandarasi akikuomba wewe ndiye ukakate kibali, mwache, kwa sababu makosa yake yatakuwa yako mbele ya jiji. Mafundi walifanya kazi kutwa, wakapima shinikizo la gesi na tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka, wakaandika namba hizo kwenye mlango wa mashine kwa kalamu nyeusi. Jioni hiyo hiyo dada alisajili mashine kwa mtengenezaji, maana waranti ya vipande ya miaka 10 kwa kawaida inashuka hadi 5 usiposajili ndani ya siku 60 au 90. Hundi ya mwisho aliitoa baada ya mkaguzi wa jiji kuja, kutazama dohani na bomba jeupe, na kutia saini.

Januari iliyofuata kukatokea usiku mwingine wa nyuzi 10 chini ya sifuri. Alichukua kiti kile kile na daftari lile lile, akakaa kuanzia saa nne hadi saa tano. Safari hii dakika zilikuwa 38.